Traiathloni ya kwanza kwa anayeishi Nairobi: saa za mazoezi ziende wapi?

Pumzi Ndefu (mwanzilishi wa uzi)
Jumapili, saa 2:40 usiku

Wanajukwaa, nawasalimu. Mwezi huu, katika kikundi chetu cha kukimbia msituni Karura, watu watatu wameniuliza namna ya kujiandaa kwa traiathloni yao ya kwanza huko pwani, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Nilipomwomba kila mmoja anionyeshe ratiba yake, nilipewa ratiba ya mbio yenye baiskeli siku ya Jumamosi, na neno "kuogelea" limeandikwa pembeni kama mgeni mwalikwa ambaye hajasema kama atafika. Nimeona heri niandike mara moja na kwa urefu, kuliko kuyarudia maneno yale yale kila wiki huku natweta mlimani.

Hoja yangu ni hii. Mtu mwenye ajira na familia katika jiji hili ana saa sita au saba za mazoezi kwa wiki, tena akiwa na bahati. Saa hizo asizigawe sawasawa kwa michezo mitatu, wala asiupe sehemu kubwa ule anaoupenda. Kwa miezi mitatu ya mwanzo maji yapewe kwanza, baiskeli ifuate, na mbio zipate kinachobaki, hata kama yeye ni mkimbiaji, na hasa kama yeye ni mkimbiaji. Tena karibu mazoezi yote ya nchi kavu yafanywe kwa mwendo wa polepole ambao utamfanya amwonee haya jirani yake.

Kwa wasiofahamu vipimo, mashindano mafupi ambayo wengi huanza nayo yana mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Masafa ya Olimpiki, yaliyoingizwa katika michezo hiyo huko Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya hayo. Ironman kamili, iliyoanzia kisiwa cha Oahu huko Hawaii mwaka 1978 ikiwa na washiriki 15, ni kilomita 3.8 majini, kilomita 180 za baiskeli na marathoni nzima juu yake. Ipo pia nusu yake, nayo ndiyo inayowavuta wenzetu waliokwisha kumaliza marathoni na kujiona wamekomaa. Nawasihi waanze na ile fupi.

Nieleze kosa langu. Niliposhiriki mara ya kwanza nilikuwa nakimbia nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 44, kwa hiyo nilijihesabu kuwa mtu mwenye pumzi. Kuogelea nilijifunzia katika bwawa la hoteli moja lenye urefu wa mita 18 hivi, ambamo nilikuwa nafika ukutani kila baada ya kupiga mikono kumi na kitu, najisukuma kwa miguu, na kupumzika bila kujua kwamba napumzika. Bahari haina ukuta. Nilipofika kama mita 150 kutoka ufukweni kifua kilibana, nikageuka chali, nikaushika mtumbwi wa waokoaji, na nikabaki hapo hadi kundi lililoanza baada yetu likanipita. (Kanuni zinaruhusu kushika mtumbwi au boya na kupumzika, mradi usivutwe mbele. Nilikuwa sijui, na nilidhani nimekwisha kuondolewa mashindanoni.) Nilitoka majini nikiwa wa tatu kutoka mwisho, nikapanda baiskeli huku moyo ukinidunda, nikakanyaga pedali kwa hasira ili kufidia muda. Zile kilomita 5 nilizozitegemea, ambazo hapa Nairobi nazikimbia kwa dakika 23, zilinichukua dakika 36. Deni la majini nililipia nchi kavu.

Tangu wakati huo, kila ninapoanza msimu, saa tatu kati ya saba huwa za bwawani, saa mbili na nusu za baiskeli, na saa moja na nusu za mbio. Uwiano huo naubadili pale tu ninapoweza kuogelea umbali wa mashindano bila kusimama na bila wasiwasi.

Mkongwe wa Marathoni
Jumapili, saa 3:25 usiku

Ndugu Pumzi Ndefu, uzoefu wako nauheshimu, lakini hesabu yako inanitatiza. Mchukue mshiriki wa kawaida wa masafa ya Olimpiki anayemaliza kwa saa 3. Majini atatumia kama dakika 35, kwenye baiskeli kama saa 1 na dakika 25, kwenye mbio kama dakika 55, na dakika 5 zitapotea katika kubadilisha viatu na kutafuta helmeti. Ukimpeleka bwawani miezi mitatu huenda akaokoa dakika nne au tano. Ukimwongezea mwendo wa baiskeli kutoka kilomita 28 kwa saa hadi 31, ataokoa dakika nane, na hatalipia ada ya kuingia bwawani. Kwa nini basi sehemu iliyo ndogo kuliko zote ipewe saa nyingi kuliko zote?

Maji Marefu
Jumapili, saa 4:10 usiku

Mzee wangu Mkongwe, hesabu yako ni sahihi kwa mtu ambaye tayari anaogelea. Mimi ni mwalimu wa kuogelea, nafundisha watu wazima zaidi kuliko watoto, na naweza kusema kwamba mkimbiaji wa Nairobi anapoingia bwawani kwa mara ya kwanza hana dakika tano za kuokoa. Ana swali la kama atavuka au hatavuka. Huyo hatuwezi kumpima kwa saa ya mkononi.

Wakimbiaji wana matatizo mawili ambayo huyaoni kwa wanafunzi wengine. La kwanza ni kifundo cha mguu. Miaka ya kukanyaga lami na vumbi imekikaza kikawa hakinyooki, kwa hiyo anapopiga miguu majini vidole vinaelekea chini badala ya kuelekea nyuma, miguu inazama, na mwili wote unaburutwa kama mashua yenye nanga. Nimewaona wanafunzi ambao wakishika ubao na kupiga miguu kwa nguvu zao zote wanabaki pale pale, na wawili kati yao walirudi nyuma kidogo. Dawa yake si kupiga kwa nguvu zaidi. Dawa ni kupiga kidogo, kutokea nyonga na si gotini, kushusha kichwa ili macho yatazame sakafu ya bwawa, na kila jioni nyumbani kukaa juu ya visigino kwa dakika chache ili kifundo kilegee. Kichwa kikishuka, makalio hupanda. Kikiinuka kutafuta ukuta, miguu huzama.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni pumzi. Mkimbiaji hudhani kwamba anakosa hewa kwa sababu hakuvuta ya kutosha, hali mara nyingi ni kwa sababu hakuitoa. Anayafunga mapafu uso ukiwa ndani ya maji, kisha anapogeuza kichwa anajaribu kutoa na kuvuta kwa nusu sekunde. Hewa ya kaboni inazidi kujaa mwilini, na ni hiyo hasa inayoupa ubongo ile hofu ya kukabwa, hata kama oksijeni bado ipo. Ndiyo maana wiki mbili za mwanzo simruhusu mwanafunzi wangu kuhesabu mita. Anasimama kwenye kina cha kifua, anazamisha uso, anatoa mapovu mfululizo kupitia pua na mdomo hadi yaishe, anageuka na kuvuta, kisha anarudia mara ishirini. Watu wazima huliona zoezi hili la kitoto, na wengine hulikwepa kwa kuogopa kuchekwa na watoto waliomo bwawani. Wanaolikubali huogelea mita 100 mapema kuliko wenzao.

Ndugu Pumzi Ndefu, saa tatu ni nzuri, lakini zisiwe za siku moja. Vipindi vinne vya dakika 45 vina faida kuliko viwili vya saa moja na nusu, kwa sababu mikono husahau upesi jinsi maji yanavyoshikwa.

Mgeni wa Bwawa
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Habari zenu nyote. Nadhani mimi ndiye mnayemzungumzia. Nina miaka 38, nafanya kazi Eneo la Viwanda, nakimbia kilomita 10 kwa dakika 54, na baiskeli yangu ni ya mtumba ambayo niliinunua kwa bei nafuu kwa sababu gia mbili zilikuwa haziingii. Kuogelea sijui kabisa. Nikiwa mtoto kijijini tuliambiwa mtoni kuna mambo, tukatii. Nimejiandikisha kwa mashindano mafupi ya pwani yatakayofanyika baada ya miezi sita. Naomba kuuliza, je, miezi sita inatosha? Na je, kwa nini goti la kulia linaniuma upande wa mbele kila nikipita kilomita 15 za baiskeli?

Pumzi Ndefu
Jumatatu, saa 6:50 mchana

Kaka Mgeni, karibu sana. Miezi sita inatosha ukianza wiki hii, na haitoshi ukianza baada ya kurekebisha gia.

Tafuta mwalimu kwa miezi miwili ya kwanza. Kujifunza peke yako kwa kutazama video ni kujifunza makosa yako vizuri zaidi, kwa sababu huwezi kujiona. Bwawa liwe la mita 25, ambamo mita 750 ni kwenda na kurudi mara 15, na ukiwa tayari ulijaribu lile la mita 50 la Kasarani pale linapokuwa wazi kwa umma, maana urefu wake unaumbua upesi mtu aliyezoea kupumzikia ukutani. Ujue pia kwamba mabwawa mengi ya Nairobi hayapashwi joto, na Julai utatetemeka. Nenda saa za mchana kama kazi inakuruhusu. Ukiweza kuogelea mita 50 kwa utulivu, fanya mita 50 mara nane ukipumzika sekunde 20 kila mara, na wiki zinavyokwenda punguza mapumziko badala ya kuongeza kasi. Mwezi wa nne anza kuunganisha mita 200, kisha 400.

Mbio zako zinatosha kwa sasa. Kimbia mara mbili kwa wiki, dakika 40 kila mara, kwa mwendo ambao unaweza kusimulia kisa kizima bila kukatika. Mtafiti Stephen Seiler, aliyechunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa masafa marefu, aligundua kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya mwendo mwepesi. Sisi wa ridhaa hufanya kinyume, kwa sababu tuna muda mfupi na tunataka kila dakika iume. Hapa Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kosa hilo linatugharimu zaidi, kwani shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la usawa wa bahari, na mwendo ambao mwenzetu wa Mombasa anauita mwepesi kwetu tayari umekuwa wa kati. Usilinganishe dakika zako na za mtu wa pwani.

Suala la goti namwachia Mpiga Pedali, ambaye najua anasoma uzi huu kimyakimya.

Mpiga Pedali
Jumatatu, saa 2:05 usiku

Nimeshtukiwa.

Ndugu Mgeni, goti likiuma upande wa mbele, jambo la kwanza la kutazama ni kiti kilicho chini mno. Likiuma upande wa nyuma, mara nyingi kiti kimezidi kuwa juu. Egemea ukuta, kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka kabisa bila nyonga kuinama upande. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya unyayo, kama unavyoendesha, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo pa kuanzia. Pandisha kiti kwa nusu sentimita kwa wakati, si zaidi. Jambo la pili ni gia nzito. Wakimbiaji hupenda kukanyaga kwa nguvu na polepole kana kwamba wanapanda ngazi. Chagua gia nyepesi na uzungushe pedali mara 80 hadi 90 kwa dakika. Kwa hiyo ile gia isiyoingia ipelekwe kwa fundi, ila usiache kwenda bwawani kwa sababu yake.

Kuhusu barabara, nitakuwa mkali. Hapa jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwaka mzima, na wengi wetu hutoka saa kumi na moja ili kuyawahi magari. Usitoke gizani peke yako, na usitoke bila taa ya mbele na ya nyuma. Njia ya pembeni ya Barabara ya Thika iko wazi asubuhi ya Jumapili, lakini hata humo utakutana na bodaboda wanaokuja mbele yako kana kwamba wewe ndiye uliyepotea. Kwa vilima, Limuru na mashamba ya chai ya Tigoni yanatosha kumnyoosha mtu yeyote. Mwenye muda mdogo na anunue kifaa cha kufungia gurudumu la nyuma, aendeshe sebuleni. Dakika 50 ndani ya nyumba, pasipo taa za barabarani wala mteremko wa kupumzikia, hulingana na saa nzima na zaidi ya huko nje.

Lipo jambo moja ambalo watu wa Nairobi hulijua wakiwa wamechelewa. Tunaambiwa kwamba tukishuka pwani tutapaa kwa sababu hewa ni nyingi. Kwa mapafu ni kweli. Kwa baiskeli, hewa hiyo hiyo ndiyo ukuta unaousukuma kwa kifua, na msongamano wake Mombasa unazidi wa hapa kwa zaidi ya asilimia 15, hata ukihesabu joto la kule. Kwa nguvu ile ile ya miguu, mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa hapa atajikuta akipungukiwa kilomita moja na zaidi kule, kwenye barabara ya tambarare. Asipolijua hilo ataitazama saa yake, atadhani siku imemharibikia, ataongeza nguvu, na atayakuta malipo yake kwenye mbio. Endesha kwa kusikiliza pumzi.

Mengine ni ya haraka. Funga kamba ya helmeti kabla ya kuigusa baiskeli katika eneo la kubadilishia. Ukiigusa kwanza utaadhibiwa. Usijifiche nyuma ya mwenzako, kwa maana mashindano mengi ya ridhaa yanataka nafasi ya mita 10 au 12 kati ya baiskeli na baiskeli. Beba tyubu ya akiba, vijiti vya kutolea tairi na pampu, na uwe umekwisha kubadilisha tyubu nyumbani mara tatu bila kusaidiwa. Mimi nilisaidiwa mara zote tatu, na nilipotobokewa na tairi mbali na watu nilijua thamani ya fundi.

Mama Mapacha
Jumatano, saa 4:30 usiku

Nimesoma yote nikiwa nawalaza watoto, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka.

Ndugu zangu mmesema saa saba kwa wiki kana kwamba zimewekwa benki. Mimi nina saa tano, na mbili kati yake hazina uhakika. Nilichojifunza ni kuunganisha. Jumamosi watoto wakiwa kwa bibi yao naendesha baiskeli saa moja na robo, naiegesha, navaa viatu, nakimbia dakika 15 papo hapo. Wengine wetu huliita zoezi hili tofali, na aliyelipa jina hilo nadhani alikuwa akizielezea nyama za mapaja. Miguu iliyozoea kuzunguka hukataa kukanyaga ardhi kwa dakika kadhaa za mwanzo, na hiyo hali si ugonjwa wala uchovu wa kukutisha; ni mwili kubadilisha kazi. Ukiizoea mara sita au saba kabla ya mashindano, siku yenyewe hutaogopa.

Joto nalo mmelisahau, nanyi ni watu wa masweta. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 za kufanya mazoezi kwenye joto ili ujifunze kutoa jasho mapema na kwa wingi. Ni nani kati yetu atapewa likizo ya wiki mbili kwenda Kilifi kutoa jasho? Mimi katika wiki mbili za mwisho nilikimbia adhuhuri badala ya alfajiri, nikiwa nimevaa jaketi, na baada ya mazoezi nikakaa kwenye karai la maji moto hadi mapacha wakauliza kama mama anapikwa. Wenye gari na baiskeli wanaweza kushuka Barabara ya Magadi kutoka Kona Baridi kuelekea Olorgesailie, ambako joto la Bonde la Ufa linawangoja, ila wabebe maji mara mbili ya wanayodhani yatatosha, na wakumbuke kwamba njia ya kurudi yote ni kupanda.

Kwa kinywaji sinunui vya bei kubwa. Lita moja ya maji, vijiko vikubwa vitano vya sukari vilivyosawazishwa, robo ya kijiko kidogo cha chumvi na maji ya ndimu. Hapo una kama gramu 60 za wanga na miligramu 600 hivi za sodiamu, na gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa ndizo zinazopendekezwa kwa mazoezi yanayozidi saa moja na kitu. Ndizi moja ya wastani huongeza kama gramu 25. Jaribu kila kitu mazoezini, kwa sababu tumbo likikataa, hukataa mbele za watu. Na usinywe maji matupu kupita kiu ukidhani unajilinda. Kuyajaza mwilini kupita kiasi huizimua chumvi ya damu, na hali hiyo ni ya hatari.

Kwa dada zangu, mkiona mnachoka bila sababu na mazoezi yaliyokuwa mepesi yamekuwa mlima, pimeni damu, pamoja na akiba ya madini ya chuma. Tunapoteza chuma kila mwezi, mwinuko huu unataka chuma zaidi kwa ajili ya kutengeneza damu, kisha tunakunywa chai nzito pamoja na chakula, na chai huzuia chuma cha mboga na maharagwe kuingia mwilini. Niliihamisha chai yangu hadi saa moja na nusu baada ya kula. Haikuwa rahisi, mimi ni mtu wa Kericho.

Mkongwe wa Marathoni
Alhamisi, saa 12:40 jioni

Mwalimu Maji Marefu, nakubali kwa sehemu. Jana nilikwenda bwawani kwa faragha kujipima, na mita 25 za kwanza nilizimaliza kwa fahari, za pili kwa mashaka, na za tatu sikuzimaliza. Nimekimbia marathoni 11. Sitaandika zaidi kuhusu jambo hilo.

Hata hivyo naishikilia hoja yangu kwa yule ambaye tayari anaogelea mita 1,500 kwa utulivu. Huyo akiendelea kujizamisha saa tatu kwa wiki ili aokoe sekunde, anajidanganya kwa starehe kama vile mimi ninavyojidanganya kwa mbio. Saa zake ziende kwenye baiskeli, ambayo inachukua karibu nusu ya muda wote.

Pumzi Ndefu
Alhamisi, saa 1:30 usiku

Mzee wangu, hapo hatuna ugomvi. Nilisema miezi mitatu ya mwanzo, na mwenye kuogelea tayari ameshaivuka. Mbio zenyewe hazihitaji kuongezwa. Mwenye baiskeli imara hufika kwenye mbio akiwa bado na miguu, na dakika anazozipata hapo ni nyingi kuliko ambazo angezipata kwa kuongeza kilomita za Karura. Wiki mbili za mwisho punguza wingi wa mazoezi, ubakize vipande vichache vya kasi. Karibu kila mtu ninayemjua hutumia wiki hizo kulipa madeni ya mazoezi aliyoyakosa, akafika pwani amechoka.

Mgeni wa Bwawa
Jumapili, wiki tisa baadaye, saa 11:20 jioni

Wazee wangu na dada yangu, nimerudi na taarifa. Kiti nilikipandisha sentimita moja na nusu kwa awamu tatu na goti limenyamaza. Mapovu niliyatoa wiki mbili nzima, na kuna mtoto wa miaka kama sita aliyenihurumia akaja kunionyesha. Leo nimeogelea mita 300 bila kusimama, polepole sana, na nilipofika nilikuwa naweza kuongea. Nimebakiza maswali mawili kwa Mwalimu. Je, ninunue ile suti ya mpira ya kuogelea? Na je, bahari nikaijaribu lini?

Maji Marefu
Jumapili, saa 2:15 usiku

Hongera sana, kijana wangu, na msalimie mwalimu mwenzangu wa miaka sita.

Suti ya mpira usinunue. Ni ya maji baridi, na kwa washiriki wa ridhaa wa masafa mafupi kanuni za kimataifa huikataza maji yakifika nyuzi 22. Bahari yetu haishuki hadi hapo. Pesa hiyo weka kwenye miwani miwili ya kuogelea, mmoja wa kuvaa na mmoja wa akiba, kwa sababu kamba hukatika asubuhi ya mashindano.

Baharini nenda mwezi mmoja kabla, kisha tena siku mbili kabla, na kamwe usiingie peke yako. Uliza wavuvi wa hapo kuhusu mikondo. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, maji huchafuka; wakati wa kaskazi hutulia zaidi. Tazama pia mwezi, kwani siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali na hujaa kwa nguvu, na mgeni hashindani nayo. Chagua siku ya maji mafu, yaani ya kupwa na kujaa kidogo, saa ambayo maji yanakaribia kujaa, ogelea sambamba na ufuo kwenye kina ambacho unaweza kusimama, na kila baada ya mikono minane inua macho tu juu ya maji kama kiboko, uone unakoelekea, kisha rudisha uso chini. Ukiinua kichwa chote miguu itazama, tulishasema.

Ukibanwa kifua, geuka chali, toa pumzi yote, hesabu hadi kumi. Zoezi hilo lifanye bwawani kuanzia wiki hii, kila ukifika katikati, hata kama hujabanwa. Mkongwe anakuja kwangu Jumanne saa saba mchana, amekubali niandike. Ukipata ruhusa kazini, njoo mfanye pamoja.